Soko Bissil: Mbuzi Wameingia Jikoni

Kwa yule aliyefungia mandazi gazeti la wiki jana kabla hajanisoma, nitarudia kwa ufupi. Mliniacha Kitengela, juu ya kabati la duka langu, mkono mmoja umeshika waya wa intaneti, mwingine umeshika hewa, na laptop yangu ikielekea sakafuni bila mimi.

Ilifika. Kioo kilipasuka kutoka pembe hadi pembe. Mimi nilishuka salama, na hiyo ndiyo habari njema pekee niliyokuwa nayo siku hiyo.

Kwa mgeni kabisa, naitwa Nyaguthii. Ninaendesha tovuti ya Soko Bissil, ambako wafugaji na wachuuzi wa Bissil huweka picha za mbuzi na ng'ombe wao ili mnunuzi wa Nairobi ajue anafuata nini kabla hajatoka kwake. Ukurasa wetu wa kwanza uliibwa na mtu ambaye mpaka leo hatumjui. Wa pili tuliupangia chumba kwa kampuni fulani ya mtandaoni, nayo ikafunga ofisi ikaenda na mbuzi wetu wote. Mara ya tatu nikasema basi, nimechoka kuwa mpangaji. Nikanunua mashine yangu mwenyewe, nikaipandisha kabatini, nikaapa kwamba tovuti itaishi kwangu.

"Na hii ya sasa, nani anaweza kutufukuza?" Mzee Koinet, mwenyekiti wa soko, aliniuliza.

"Hakuna, Mzee. Mashine ni yetu, na jina ni letu."

Maneno hayo niliyasema mbele ya watu, kwa sauti, bila kulazimishwa.

Basi tukakubaliana. Siku ya soko itakayofuata, wote wangefungua tovuti pamoja pale pale Bissil. Ikifunguka vizuri, mimi ndiye mtunzaji wake, hiyo ndiyo kazi yangu na hilo ndilo duka langu. Ikikataa, wananiaga, na mimi narudi kuuza misumari kwa hardware ya shemeji yangu Wainaina.

Sina ugomvi na misumari. Wainaina naye si mtu mbaya, na dada yangu Shiro anampenda mpaka leo, sijui kwa nini. Lakini ukimfanyia kazi Wainaina, hata kikohozi chako anakiita cha kampuni. Niliondoka kwake nikiwa nimejikunja, na ilinichukua muda kujinyoosha. Kurudi sikutaka kabisa.

Sasa, mashine nilikuwa nayo. Kilichobaki ni watu wajue njia ya kuifikia. Hapo ndipo nilipompigia simu rafiki yangu Ilwad, ambaye ana duka la madera na manukato pale Bissil, karibu na uwanja wa mifugo.

"Abaayo," akasema Ilwad, kwa maana kwake mimi ni dada, "kwani hiyo ya kabati haitoshi?"

"Hiyo inakaa na mbuzi. Sasa tunataka wa kuonyesha njia. Mtu akiandika Soko Bissil kwa simu, hiyo simu haijui ni wapi. Inauliza. Lazima kuwe na mtu anaijibu, 'Pita hapa, ni Kitengela, kwa Nyaguthii, juu ya kabati.'"

"Na huyo mtu ni nani?"

"Inaitwa seva ya majina. Na wanataka ziwe mbili. Moja ikizimika, ingine inajibu. Ya kwanza nimeweka hapa kwangu. Ya pili nataka iwe kwako, ndio stima zikipotea huku, huko ziko."

"Nyaguthii, stima za hapa zinapotea kuliko za huko."

"Basi zipotee kwa zamu."

Alicheka, akakubali. Nilimpelekea kimashine kidogo, kipana kama boksi la sabuni, akakiweka chini ya kaunta katikati ya madera na udi. Aliniuliza kama kinakula. Nikamwambia kinakula stima kidogo na hakina makelele. Akasema ni mgeni mzuri kuliko wale wa upande wa mumewe.

Kilichobaki kilikuwa kuiambia kampuni iliyotusajilia jina kwamba waonyesha njia wetu ni hawa wawili. Ni kazi ya kuandika majina mawili tu kwenye ukurasa. Mtu mwenye laptop nzima angeimaliza kabla chai haijapoa.

Mimi laptop nzima sikuwa nayo. Nilikuwa na waya uliokuwa ukichomoka kila nikiuachilia, kwa hiyo nilirudi juu ya kabati, nikaubana kwa kidole, nikaweka simu begani na kumpigia Ilwad. Yeye alikuwa na kompyuta yake, ameingia kwenye akaunti kwa nywila niliyompa.

"Ya kwanza nimekutumia kwa meseji," nikamwambia. "Copy, paste."

"Imeingia. Sasa inaniuliza namba ya mashine."

Nikamsomea namba. Ile namba ndiyo niliyoipigania kwa kampuni ya intaneti wiki mbili zilizopita, mnakumbuka.

"Imekubali. Ya pili?"

Meseji ya pili ilikataa kutoka. Nikaona haina haja, nitamtajia kwa mdomo.

"Andika ns two. Dot. Halafu soko, ukiunganisha na bissil. Be, i, es, es, i, el."

"Network yako inarudia maneno," Ilwad akasema.

"Ni hii waya. Inanisumbua tangu asubuhi."

"Nimeandika. Dot co dot ke?"

"Hivyo hivyo."

"Imekubali." Akausoma tena ukurasa. "Lakini hii ya pili haijaniuliza namba ya mashine. Ile ya kwanza iliuliza."

"Imeshatuzoea," nikamjibu.

Wasomaji wangu, mngekuwa karibu mngenizaba kofi, na ningelistahili. Lakini hamkuwa karibu. Nilikuwa peke yangu juu ya kabati na shingo imepinda, na nilichotaka ni kushuka.

Kesho yake niliandika Soko Bissil kwenye simu yangu. Mbuzi hao! Nikampigia Ilwad, naye akaandika kwake. Mbuzi hao! Tulipiga vigelegele kwa simu, mimi Kitengela yeye Bissil, mpaka mteja wake mmoja akauliza kama kuna harusi. Usiku huo nililala kama mtoto aliyeshiba.

Siku ya soko nilifika Bissil mapema, nimevaa gauni langu la kanisani. Malori yalikuwa yameshaanza kurudi nyuma kuelekea njia ya kupakilia, na vumbi la mbuzi lilikuwa kila mahali, hata kwenye chai.

"Takwenya, Nyaguthii!" Mzee Koinet alinisalimia.

"Iko!" nikaitikia kwa ujasiri, maana Kimaasai changu kinaishia hapo.

Alikuwa na furaha. Beberu wake mweupe, yule ambaye amekataa kumuuza kwa kila anayemtaka, ndiye tuliyemweka picha ya kwanza kabisa. Siku ya kupigwa picha Mzee alimwosha kwa sabuni, akamchana ndevu, akasimama kando kuhakikisha nimempiga kwa upande wake mzuri.

"Leo Nairobi wataona," akasema. "Si kununua. Kuona tu."

Watu walikusanyika chini ya kibanda cha mabati. Ilwad alikuja na birika kubwa la chai ya tangawizi. Dubow alikuwepo, yule mchuuzi wa ng'ombe ambaye huzungumza akitazama miguu ya mnyama badala ya uso wako. Kalekye alikuwepo pia, amekuja kutoka Emali kununua mbuzi, na kwa kuwa ndiye mnunuzi mkubwa siku hiyo, alipewa kiti chenye mgongo.

"Haya, toeni simu," nikasema. "Andikeni Soko Bissil, kama nilivyoandika hapa ubaoni. Fungueni."

Wakainamisha vichwa.

"Iko!" Dubow akaita. "Naona ng'ombe zangu. Hata ile kilema inaonekana mzima."

Wakacheka. Moyo wangu ukashuka mahali pake. Nilikuwa ninafungua mdomo kuanza hotuba yangu fupi niliyoiandaa kwa siku mbili, Kalekye aliponikatiza.

"Mimi naona pilau."

"Unaona nini?"

"Pilau. Na mbuzi ya kukaanga. Na hapa chini chapati." Akaniinulia simu. "Nyaguthii, hii ni soko ama ni hoteli?"

"Hata mimi ni pilau!" mtu akasema kutoka nyuma.

"Mimi ni mbuzi."

"Mbuzi mzima?"

"Mzima. Amesimama."

"Wangu yuko kwa sahani."

Kelele zikapanda. Nusu ya kibanda ilikuwa na mifugo, nusu nyingine ilikuwa na chakula cha mchana. Nilimtazama Mzee Koinet. Alikuwa amevaa miwani, ameishika simu mbali na uso kama wafanyavyo wazee, na hakuwa akicheka.

"Nyaguthii."

"Naam, Mzee."

"Beberu yangu iko wapi?"

"Hapo juu, Mzee. Picha ya kwanza."

"Hapa juu kuna sahani." Akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali. "Imewekwa ndimu kando."

"Mzee, hiyo si..."

"Nani amechinja beberu yangu?"

"Iko hai, Mzee!" Dubow akaingilia, akimpa simu yake. "Ona hapa. Amesimama na ndevu zake."

Mzee Koinet akashika simu zote mbili, moja kila mkono. Kulia beberu alikuwa hai, kushoto alikuwa na ndimu. Alizitazama kwa zamu.

"Kwanza tuliibiwa," akasema. "Halafu tukahamishwa. Sasa tumepikwa."

Hapo kibanda kizima kiliangua kicheko, na mimi nikatamani ardhi ya Bissil ifunguke. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Kicheko cha soko mnakijua, kinaanza kwa urafiki lakini hakikai hapo. Mara nikasikia mtu akisema kwamba mnunuzi wa Nairobi akiona hivi atadhani Bissil inauza mizoga. Mwingine akasema bora hata ile kampuni iliyofunga, angalau ilitoroka na mbuzi wakiwa hai. Niliogopa. Niliiona misumari ya Wainaina ikinisubiri, imepangwa kwa ukubwa.

Ilwad naye alikuwa anacheka ndani ya mtandio wake, machozi yanamtoka. Akachukua simu ya Kalekye aone vizuri. Kicheko kikakatika ghafla.

"Hii sahani naijua."

"Sahani gani?"

"Hii ya maua ya bluu. Nilinunua mimi. Zilikuwa dazani moja." Akaniangalia. "Nyaguthii, walahi hii ni hoteli ya Jeylani. Namanga."

Jeylani ni kaka yake. Nilimfahamu kwa salamu tu, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, anayewalisha madereva wa malori pale mpakani.

"Hoteli ya Jeylani inaitwaje?" nikauliza.

"Soko Bisil."

"Inaandikwaje?"

"Be, i, es, i, el."

"Es ngapi?"

"Moja. Kwani ziko ngapi?"

Niliketi juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe lililokuwa hapo.

"Abaayo, usiniangalie hivyo," Ilwad akasema. "Kwa lugha yetu, bisil ni kitu imeiva. Nyama ikiiva ni bisil. Ndizi ikiiva ni bisil. Jeylani alianza kuuza nyama hapa hapa kabla ahamie Namanga, akasema jina imejileta yenyewe, mji ni Bisil na nyama ni bisil. Mimi hii mji nimeiandika hivyo tangu nikiwa msichana. Wewe ukasema es, es, nikajua ni network imekwama."

"Na mimi nikakwambia ni waya."

"Ukaniambia ni waya!"

Tukatazamana. Nilitaka kumkasirikia, sikuweza. Angekuwa amenifanyia hila ningejua la kufanya. Lakini yeye aliandika jina la mji wake kama anavyolijua, nami nilikuwa juu ya kabati nikijibu maswali bila kuyasikiliza.

Bado kitu kimoja hakikuniingia akilini. Hata kama jina lilikosewa, kwa nini mashine ya Jeylani ilijibu? Mashine nzuri ikiulizwa kitu isichokijua, inasema sijui. Nikampigia.

"Jeylani, ni Nyaguthii wa Kitengela. Hoteli yako iko na mashine ya intaneti?"

"Iko, dada! Ya Wi-Fi ya wageni." Alifurahi kuulizwa. "Niliiweka mimi mwenyewe nikifuata video. Mtu yeyote akiuliza kitu yoyote, inamuonyesha menu kwanza."

"Hata kama ameuliza njia ya kwenda kwingine?"

"Hata hivyo. Sasa mtu amefika kwangu nimfukuze? Akaribishwe kwanza." Akashusha sauti. "Lakini leo kuna maneno. Tangu asubuhi watu wananipigia wanataka mafahali. Nimewaambia tuko na supu."

Nilisimama juu ya lile gunia nikawaeleza watu. Niliwaambia tulikuwa na waonyesha njia wawili. Mmoja yuko kwangu, ukimuuliza anakuleta kwa mbuzi. Wa pili tulimtaja vibaya, es moja ikaanguka njiani, na jina likaangukia mlango wa Jeylani, ambaye hajui kumwambia mtu amepotea. Simu ikimuuliza huyu wa kwanza, unaona mifugo. Ikimuuliza yule wa pili, unakaribishwa pilau.

"Kwa hivyo hakuna mtu ameiba?" Dubow akauliza.

"Hakuna."

"Na beberu?"

"Yuko zizini kwake, Dubow. Kwani umesahau? Tumempita tukiingia."

Mzee Koinet alimrudishia Dubow simu yake, akavua miwani.

"Hii mji mnaandika namna gani?"

"Es mbili, Mzee," nikasema.

"Moja," akasema Ilwad.

"Sisi wenyewe tunasema Ilbissil." Akatutazama mmoja mmoja. "Nyinyi wote wawili mmekata kichwa."

Safari hii kicheko kilikuwa kizuri. Hata Kalekye alipiga paja lake. Ilwad akamjazia Mzee kikombe bila kuombwa, na mimi nikapata pumzi.

"Unaweza kurekebisha?" Mzee akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee. Ni herufi moja. Lakini sitakudanganya, hata nikibadilisha sasa hivi, simu zingine zitachelewa kupata habari. Labda mpaka kesho."

Alifikiri huku akipuliza chai.

"Ng'ombe pia nikimuuza hapa hafiki Nairobi saa hiyo hiyo. Wewe nionyeshe tu amepanda lori." Akainua kikombe watu wote wakione. "Tukimaliza hii chai, tunaamua. Ukiwa umerekebisha, tovuti inabaki na Nyaguthii. Kama bado, tunatafuta mtu mwingine, na tusilaumiane."

Hakuna aliyepinga. Nami nilijua watu wanakunywa chai ya moto kwa kasi gani wakiwa na mifugo inayowangoja.

Ilwad alikimbia dukani akarudi na kompyuta yake kifuani. Tukaiweka juu ya gunia. Nikaingia kwenye akaunti, nikafungua ukurasa wa waonyesha njia, na hapo ndipo nilipoliona kwa macho yangu, jina la pili, limekaa kimya na es yake moja. Nikaweka kidole. Nikaongeza ya pili. Safari hii ukurasa uliniuliza namba ya mashine, kama ulivyotakiwa kuuliza tangu mwanzo, kwa kuwa sasa jina lilikuwa letu, nikajaza ile ya kimashine cha Ilwad. Nikabonyeza.

"Imepanda lori?" Mzee Koinet akauliza.

"Inapanda, Mzee."

Ukurasa ukaniletea maandishi mapya. Kuweka waonyesha njia mara ya kwanza hakukuwa na maswali, ila kubadilisha ni jambo lingine. Mwenye jina lazima athibitishe. Walikuwa wametuma namba za siri kwa laini yake ya simu, nikaombwa nizijaze hapa.

Nikachukua simu yangu na kungoja. Hakuna kilichoingia.

"Labda imekuja kwangu," Ilwad akasema, akaangalia yake. Hakukuwa na kitu.

Nikasoma tena ukurasa. Walikuwa wameficha laini yenyewe kwa nyota nyota, wakaacha tarakimu za mwisho tu. Nilizitambua mara moja. Nilizitaja kwa wateja kila siku kwa miaka, nikiwaambia wapige kabla ya kuja kama wanataka mabati ya rangi.

Jina la Soko Bissil nililisajili nikiwa bado nimeajiriwa hardware. Nilitumia kompyuta iliyokuwa mbele yangu, na ukurasa uliponiuliza mwenye jina na laini yake, kompyuta ilijaza yenyewe, kama ilivyozoea kujaza kila agizo la mabati na saruji. Nilipoacha kazi nilihamisha picha, nikahamisha wateja, baadaye nikahamisha tovuti nzima mpaka juu ya kabati. Usajili wa jina haukunijia kichwani hata siku moja.

"Ni laini ya nani?" Ilwad akanong'ona.

"Ya Wainaina."

Anamjua. Nilishamlilia kuhusu Wainaina mara nyingi katikati ya madera yake.

"Mpigie."

"Siwezi."

"Abaayo, angalia vikombe."

Niliangalia. Dubow alikuwa ameshamaliza, anakung'uta majani ya chai chini. Kalekye alikuwa anaangalia mbuzi kwa mbali. Kikombe cha Mzee Koinet sikuweza kuona ndani yake, lakini alikuwa anakiinamisha zaidi kila akinywa.

Nikapiga. Mtandao ulikuwa mbaya na mikono yangu ilihitajika kwenye kompyuta, kwa hiyo nikaweka sauti ya juu na kuilaza simu kwenye gunia. Nitasomewa tarakimu, nitaandika, yataisha. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

"Haloo!" Nyuma yake mtu alikuwa anakata bati, na kibanda kizima kikakunja uso.

"Shem, ni Nyaguthii. Habari ya huko?"

"Nyaguthii! Kumbe uko hai! Hapa kazi ni mingi, nimekosa mtu."

"Shem, kuna meseji imeingia kwa simu yako sasa hivi. Iko na namba. Naomba unisomee hizo namba tu."

"Ngoja. Zima hiyo mashine!" Bati likanyamaza. "Ngoja nivae miwani. Eeh, iko hapa. Ni Kizungu mingi."

"Namba tu, shem. Ziko mwishoni."

"Ngoja nitafsiri kutoka mwanzo ndio nisikosee. 'Mpendwa Wainaina.' Ni mimi hapo. 'Wewe ukiwa mmiliki wa Soko Bissil...'"

Akaacha kusoma.

Nilinyoosha mkono nizime sauti ya juu. Kidole kiliteleza, kikabonyeza kitufe cha kuiongeza.

"Mmiliki," Wainaina akarudia, polepole, akilionja neno. "Si hiyo ndio ile soko ya ng'ombe Shiro huniambia watu wa Nairobi wanaiongelea? Nyaguthii, kumbe hiyo kitu ni yangu?"

Ilwad alijifunika uso kwa mtandio, na safari hii hakuwa anacheka. Mimi niliinua macho. Mzee Koinet alikuwa ameweka kikombe chini, kikiwa kitupu, na alikuwa anakuja.

"Shem, nisomee namba," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeomba. "Tafadhali. Namba tu."

"Namba nitasoma. Lakini kwanza tuelewane."

Mzee Koinet aliinama juu ya gunia, mikono nyuma, mdomo karibu na simu yangu.

"Wewe ni nani unaongea hapo?" akauliza.

"Mimi?" Wainaina akacheka kwa raha, kama mtu aliyeamka akakuta ameongezewa shamba. "Mimi ni Wainaina wa Kitengela, mwenye Soko Bissil. Na wewe mzee, unafanya nini kwa soko yangu?"